Warufiji hawarudi bondeni kwa ukaidi

Kila masika yanapokaribia tangazo huwa lile lile: wakazi wa mabondeni wahame. Mkuu wa wilaya analitoa, redio zinalirudia, na sisi wa mjini tunalipitisha bila swali maana halina ubaya wowote masikioni. Siku hizi limepata nguvu zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limekamilika, mitambo yake yote tisa inafua umeme, na imejengeka dhana kwamba mafuriko ya Rufiji sasa yana wa kuyadhibiti. Kwa dhana hiyo, familia iliyobomokewa na nyumba mwaka 2024 na leo imerudi kulima pale pale Muhoro au kando ya Utete haina utetezi. Ni wakaidi. Wameonywa, wameokolewa kwa boti, wameelekezwa mwinuko, wamerudi.

Naona hukumu hiyo imekosewa tangu msingi. Familia nyingi za bonde la Rufiji hurudi kwa sababu zimepiga hesabu, na kwa miaka mingi hesabu yao ilikuwa sahihi kuliko ya waliokuwa wakizihamisha. Matumaini yao yamekaa kwenye tope, kwa maana halisi kabisa ya neno, na nitaeleza kwa nini. Kinachopaswa kutukosesha usingizi sasa ni kingine: bwawa limeigeuza hesabu hiyo, na wanaoiishi hawajakalishwa chini wakaelezwa nini kimegeuka.

Tuanze na mto wenyewe. Rufiji hukusanya maji ya takribani moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji hayo, Luwegu inatoka kusini, na Ruaha Mkuu inaleta ya kwake kutoka nyanda za Mbeya na Iringa. Kwa hiyo mtu wa Utete anaweza kuamka na jua kali, mbinguni hakuna hata wingu, kumbe maji yako njiani yanamjia kutokana na mvua iliyonyesha Ifakara au Njombe siku kadhaa nyuma. Wenyeji wanalijua hilo. Hutazama rangi ya maji na magogo yanayopita, kisha huanza kupandisha vitu juu. Mto ulifurika vibaya mwaka 1974, ukafurika tena wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukaja 2020, ukaja 2024. Katikati ya miaka hiyo mikubwa yalikuwapo mafuriko madogo, mengi tu, ambayo hayakupata hata mstari mmoja gazetini kwa sababu hayakuua mtu. Hayo madogo ndiyo yaliyokuwa yakiilisha wilaya.

Namna yanavyolisha haifahamiki sana nje ya Rufiji. Mkulima wa bondeni hupanda mpunga kwa mvua za vuli, Desemba hivi, akitarajia maji ya mto yaje kuukuza wakati wa masika. Mto ukija kwa kiasi, anavuna Juni au Julai. Ukija mapema au kwa nguvu, mpunga unazama, na hapo mtu wa nje huona kila kitu kimekwisha. Mwenyeji bado ana karata ya pili mkononi. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba na unyevu wa kukuza zao zima bila kungoja mvua nyingine. Hapo hupandwa mahindi, kunde na maboga, na kilimo hicho ndicho wanachokiita mlao. Gharika iliyochukua mpunga ndiyo iliyotandika shamba la mahindi, na kadiri ilivyosambaa ndivyo eneo la mlao linavyokuwa kubwa. Mabwawa ya asili yaliyo kando ya mto, kama Ruwe, Uba na Zumbi, nayo hutegemea mto ufurike ili yajae maji na samaki. Perege na kambale wa humo ndio kitoweo cha miezi ambayo ghalani hamna kitu. Zamani watu walijenga madungu katikati ya mashamba, vibanda juu ya nguzo ndefu, wakilala humo kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Maji yakija walibaki humo humo, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo.

Mtu aliyelelewa katika mpangilio huo hawezi kuyasikia mafuriko kama unavyoyasikia wewe uliye Sinza au Mwanza mjini. Kwake yana kiasi. Kuna maji ya kutosha, kuna maji ya kuzidi, na kuna mwaka mkavu ambao maji hayakuja kabisa, na huo wa mwisho huogopwa kuliko yote.

Mwaka 2024 maji yalizidi. Masika yalikuja juu ya mvua za El Niño zilizoanza tangu vuli ya 2023, ardhi imeshiba na mito imejaa. Mapema Aprili vijiji vya Rufiji na Kibiti vilikuwa vimezingirwa. Sikukuu ya Idd el Fitri iliangukia Aprili 10, na zipo familia zilizoisherehekea mahali pa hifadhi, zikila chakula cha msaada. Aprili 25 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini, kujeruhi 236, na kuathiri kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000. Mei 4 Kimbunga Hidaya kikatua karibu na Mafia, mkabala na delta yenyewe, jambo ambalo pwani yetu haijazoea kuliona.

Mama mmoja wa Muhoro niliyezungumza naye baada ya maji kushuka alinionyesha alama ukutani, mstari wa kahawia uliopita juu kidogo ya komeo la mlango. Alitoka usiku na wajukuu wawili, godoro, na kiroba cha mbegu za mpunga alichokuwa amekifunga kwenye paa. Godoro lilipotea njiani. Kiroba alifika nacho. Nilipomuuliza habari za viwanja vya mwinuko hakukasirika hata kidogo. "Mwanangu, huko juu ni kuzuri, nani anakataa? Wanipe kiwanja nishukuru. Lakini kiwanja hakiliki." Sijasikia uchambuzi wa sera ya uhamishaji ulio mfupi na kamili kuliko huo.

Serikali ilianza kuwahamisha Warufiji kabla wengi wa wanaowalaumu leo hawajazaliwa. Baada ya mafuriko ya 1968, wakati nchi imo kwenye ari ya Azimio la Arusha, watu wa bondeni walipelekwa kwenye vijiji vya ujamaa upande wa mwinuko. Shabaha ilikuwa njema na mengine yalifanikiwa: shule, zahanati na barabara ni rahisi kuvijenga watu wakikaa pamoja. Lakini mashamba yalibaki chini. Ardhi ya juu ni ya kichanga, inafaa korosho na maembe, haifai mpunga. Mkulima akajikuta anatembea masaa kwenda shambani, na mpunga ambao hauna mtu wa kulala nao huvunwa na nguruwe. Taratibu watu wakarudi kwenye madungu yao kwa msimu, halafu kwa misimu miwili, halafu wakajenga. Wengine walishika njia ya kati: nyumba ya familia juu, dungu chini, na maisha yanagawanywa kwa kalenda ya mto. Njia hiyo ya kati ndiyo iliyodumu, na hakuna afisa aliyeibuni.

Dar es Salaam ililipata somo hilo hilo miaka mingi baadaye. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na waliokuwa wakiishi Bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande, huko mbele ya Bunju, wakapewa viwanja na mahema. Wengi waliuza viwanja na kurudi mjini. Tuliwacheka. Tulisema wamezoea bonde. Lakini mbeba mizigo wa Kariakoo aliyehamishiwa Mabwepande anatakiwa alipe nauli ya kwenda na kurudi kila siku kwa kipato ambacho hakijulikani mpaka jioni, na siku asipopata mzigo amepata hasara kabla hajala. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu na tingatinga. Kilichokuja kuwaondoa watu kwa utaratibu ni mradi wa Bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, na ulianza na fidia. Hekima ya ghafla haikuwashukia wakazi; waliwekewa mezani kitu kinachoweza kulinganishwa na walichokiacha.

Sasa niseme kwa haki, hoja ya kuhamisha ina uzito wake na sitaki kuipunja. Maji ya 2024 hayakuwa ya kuchungulia ukiwa juu ya dungu. Nyumba za udongo hulainika msingi na kuanguka usiku watu wamelala. Shule zikifungwa, mtoto wa darasa la saba anakosa wiki ambazo hatarudishiwa. Vyoo vikijaa, kipindupindu hakichelewi. Gharama ya boti, helikopta, chakula na dawa inalipwa na walipa kodi wote. Zaidi ya hayo, bonde la leo limebadilika. Watu wameongezeka, miti huko juu ya mto imekatwa, Bahari ya Hindi inazidi kupata joto, na kijana wa sasa hajengi dungu: anajenga nyumba ya tofali chini kabisa, kwa sababu barabara na umeme vimefika huko. Anayesema "babu zetu waliishi na maji haya" anasema kweli kuhusu babu zetu. Babu hakuwa na friji sakafuni wala hakulala kwenye nyumba ya tofali yenye mlango mmoja. Utetezi wa Warufiji unaoegemea mila peke yake hautoshi, na nawashauri watetezi wenzangu wauache.

Ila ipo hoja moja upande wa pili ambayo ni dhaifu kiasi cha kuaibisha, na ndiyo inayosikika zaidi: kwamba watu hawa wamebaki kwa sababu wamezoea kusaidiwa. Hebu tuitazame. Msaada wa maafa nchini ni unga, maharage, mafuta ya kula, blanketi na neti. Huja kwa mafungu, hugawiwa kwa orodha, na aliyechelewa kuandikwa hukosa. Hakuna familia yenye akili timamu inayoacha mpunga wake uzame, nyumba ianguke na mbuzi wafe ili ipate kilo kadhaa za unga mwezi wa nne. Isitoshe, mafuriko makubwa yamekuwa yakipishana kwa miaka. Mtu anayeishi kwa kungoja msaada wa namna hiyo angekufa njaa katikati. Wanaotoa hoja hii huwaona watu wa Rufiji wiki mbili tu katika mwaka, kwenye taarifa ya habari, wakiwa wamepanga foleni. Miezi mingine yote ambayo watu hao hao wanapeleka mchele na samaki sokoni, kamera haipo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye bwawa, na hapa mjadala wetu umepotea njia. Mwaka 2024 kambi mbili zilirushiana maneno. Moja ilisema bwawa ndilo lililoleta gharika kwa kufungulia maji. Serikali na TANESCO, shirika la umeme la taifa, wakajibu kwamba bila bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi na yangeanza mapema, kwa sababu maji ya miezi ya mwanzo ya mvua yalizuiwa. Hoja ya serikali ina mantiki. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 22, 2022, lina uwezo wa kuhifadhi takribani mita za ujazo bilioni 33, na lilipokuwa linajaa lilimeza maji ambayo yangeshuka moja kwa moja. Lakini mantiki hiyo hiyo ina nusu ya pili ambayo haikusemwa kwa sauti. Bwawa hupunguza mafuriko pale tu linapokuwa na nafasi. Likishajaa, kinachoingia lazima kitoke, vinginevyo ukuta wenyewe unakuwa hatarini. Mwendeshaji wa bwawa la umeme hupenda lijae, maana maji ndiyo umeme wake. Mwenye kuogopa mafuriko angependa abakize nafasi kabla ya masika. Haya ni matakwa mawili yanayovutana ndani ya bwawa moja, na kila mwaka kuna mtu anayeamua lipi lipite. Kuuliza bwawa ni zuri au baya ni kupoteza muda. La maana ni nani anaamua, kwa kanuni ipi, na nani anaambiwa.

Na bwawa linagusa zaidi ya mwaka wa gharika. Mitambo inataka maji ya kiwango kinachokaribiana tangu Januari hadi Desemba. Maana yake ni kwamba yale mafuriko madogo, yaliyokuwa yakitandaza tope bondeni na kujaza mabwawa ya samaki, ndiyo yatakayopungua kwanza. Tope lenyewe hutuama nyuma ya ukuta. Delta, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini, hujengwa na tope hilo hilo. Gharika kubwa, ile ya kuja mara moja kwa miaka mingi wakati bwawa limekwisha kujaa, bado inaweza kupita. Kwa hiyo familia ya bondeni iko hatarini kupoteza mafuriko yanayoilisha na kubakiwa na yale yanayoiua. Miaka kadhaa ya utulivu itakapopita, watu watajenga chini zaidi, wakiamini mto umefungwa kamba, na hapo ndipo msiba utakapokuwa mkubwa kuliko wa 2024. Wenye kusema Warufiji wahame walipaswa kuishika hoja hii. Ni yenye nguvu kuliko zote walizonazo, lakini hawaitumii, labda kwa kuwa inalazimu kukiri kwamba umeme wa taifa una mtu anayeulipia mahali fulani.

Tukikubali hivyo, namna ya kusaidia inabadilika. Jambo la kwanza ni mbegu na wakati wake. Dirisha la mlao ni fupi. Tope likishakauka na kupasuka, nafasi imepita. Lori la unga likifika Aprili ni rehema, lakini mbegu za mahindi na kunde zinatakiwa ziwe wilayani kabla maji hayajashuka, zikingoja, hata kama wakati huo mtu bado analala darasani. Mbegu zikifika mwezi mmoja baada ya tope kukauka, zitakaangwa zikaliwa, na mkaguzi ataandika kwamba wakulima hawana nidhamu.

La pili ni ardhi. Kiwanja cha mwinuko ni kitu kizuri mradi kisiambatane na kunyang'anywa shamba la bondeni. Watu wapewe hati za vyote viwili: pa kulala juu, pa kulima chini. Umbali upimwe kwa miguu ya mwanamke aliyebeba mtoto, usipimwe kwa gari la halmashauri. Na dungu, ambalo wataalamu wetu wamelipita kama kibanda cha kishamba, lirudishwe mezani kwa mhandisi aliboreshe nguzo na ngazi, liweze kubeba familia na magunia kwa wiki mbili. Sidhani kama gharama yake itafikia ile ya nyumba ya tofali.

La tatu ni gumu kwa sababu linagusa megawati. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba baada ya maji ya matumizi ya nyumbani, mazingira ya mto yana haki yake ya maji kabla ya matumizi mengine kufikiriwa. Sioni kwa nini haki hiyo isitafsiriwe, kwa Rufiji, kuwa furiko dogo la makusudi: maji yanayofunguliwa kwa kipimo, wakati ambao mpunga unayahitaji, watu wakiwa wametangaziwa. Najua jibu litakuwa kwamba kila mita ya ujazo inayopita nje ya mtambo ni umeme uliopotea. Ni kweli. Mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, si mchezo, na sote tunakumbuka mgao. Ila mpunga usioota, samaki wasiozaliwa na lori la unga nalo ni gharama. Tofauti ni kwamba gharama hizo hazionekani kwenye vitabu vya shirika la umeme. Ziko kwenye vyungu vya Muhoro, Ikwiriri na Mtunda, na hakuna aliyezijumlisha.

Wakati tunasubiri mjadala huo mkubwa uive, lipo dogo linaloweza kufanyika kabla ya masika yajayo bila kupunguza hata megawati moja. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa, makao makuu ya TANESCO yako Dodoma, na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wanatoa utabiri wao wa msimu kila mwaka. Watatu hao wakae pamoja watoe karatasi moja kwa Kiswahili, ibandikwe kila wiki kwenye ofisi ya serikali ya kijiji na isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa: bwawa limejaa kiasi gani, kuna mpango wa kufungua milango au hakuna, maji yakifunguliwa yatafika Utete baada ya saa ngapi na Muhoro baada ya saa ngapi, na yanatarajiwa kupanda hadi wapi. Wakulima waliozoea kusoma magogo yanayoelea watajua la kufanya na karatasi hiyo, na atakayepuuza baada ya kuisoma, huyo mniruhusu nami nimwite mkaidi.